Cadillac ya 1966 imelala Kizingo, mwenyewe niko Maskati

Swali lilikuja hivi: "Assalaam aleikum, fundi. Marehemu baba alituachia Cadillac Sedan de Ville ya 1966, milango minne, usukani kushoto, ina logbuku ya hapa Kenya. Imelala bandani nyumbani kwetu Kizingo, Mombasa, tangu alipoanza kuugua, miaka mingi sasa. Mimi nafanya kazi Maskati, narudi likizo tu. Fundi aliyeletwa na ndugu zangu anasema injini imekufa, spea hazipatikani tena, na dawa ni kung'oa injini na giaboksi aweke za Toyota. Anataka nusu ya pesa kabla hajaanza kuifungua. Nimpe?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Usimpe, angalau si kwa kazi hiyo. Sina shaka huyo fundi kwenye Toyota ana mkono mzuri, ila hapa amekimbilia kutibu mahali ambapo huenda hapaumwi. Injini ya gari hilo ni chuma kizito cha kumimina, na ikiachwa imefungwa huvumilia mengi. Wasiwasi wangu ni upepo. Kusi ikivuma pale Kizingo, chumvi inaingia mpaka bandani, inakaa ndani ya chesi, chini ya zulia na kwenye mikunjo ya milango, na miaka yote hiyo hakuna aliyeiosha kwa maji matamu. Habari ya injini iweke kando kidogo. Jambo litakaloamua kama hapo pana gari la kutengeneza au pana ukumbusho tu liko chini ya bodi.

Kuanzia modeli za 1965 Cadillac waliiacha ile chesi ya umbo la X, wakatumia chesi inayozunguka pembeni, mihimili yake ikiwa mitupu ndani. Mihimili hiyo hukusanya matope na maji, ikaoza kutoka ndani kuja nje. Unaweza kuikuta rangi ya nje nzima kabisa na chuma kimebaki ganda. Mahali pa kuogopa zaidi ni pale chesi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma. Baada ya hapo angalia sakafu chini ya miguu ya dereva, sakafu ya buti, sehemu za chini za mudgadi za nyuma, na ukingo wa kioo cha nyuma, hasa kama paa limevalishwa vinaili.

Ukija likizo, au mtu wako akikuonyesha kwa simu ya video, gari lipandishwe juu ya stendi madhubuti. Mawe na matofali sitaki kuyasikia, maana gari lina uzito wa tani mbili na kuna mtu atalala chini yake. Chukua nyundo ndogo uigonge chesi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio butu. Palipo na mlio butu chokoa kwa bisibisi, ikizama tia alama ya chaki upige picha. Halafu tafuta sumaku ya spika mbovu, uifunge kitambaa isikwaruze rangi, uitembeze kwenye mudgadi na chini ya milango. Itakapokuwa inateleza tu bila kushika, chini ya rangi pana fila, ile plasta ya kujazia bodi, na mara nyingi fila hiyo iliwekwa kufunika shimo. Kwa mtu aliye mbali kipimo hiki ni kizuri mno: hata ukiwa Maskati utaiona sumaku ikianguka, na hakuna atakayeweza kukupamba maneno.

Mashimo ya sakafu na mudgadi yasikuvunje moyo. Mombasa ina wachomeleaji wanaotengeneza tishali na matela ya malori. Kukata bati bovu na kushona jipya kwao ni kazi ya kila siku. Lakini chesi ikiwa imeliwa pande zote mbili juu ya ekseli, hesabu inabadilika kabisa, na afadhali uijue mapema kabla hujatoa hata shilingi ya injini.

Sasa tuje kwenye hiyo injini. Ninavyofahamu mimi, neno "imekufa" kwa kawaida linamaanisha kwamba mtu alileta betri, akapiga stata, ikagoma. Ni V8 ya inchi za ujazo 429, yaani lita 7 na ushei, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 340 kwa vipimo vya Marekani vya wakati huo. Ikikaa miaka bila kuzungushwa, ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Fundi azitoe plagi zote nane, amimine katika kila silinda mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na dizeli, aache kwa wiki moja au mbili akiongeza kidogo kidogo. Kisha azungushe krenki kwa mkono na spana ndefu, kidogo mbele, kidogo nyuma. Stata asiiguse. Ikikubali kuzunguka, amwage oili ya zamani, aweke mpya, apime kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda na akuandikie namba nane. Namba nane kwenye karatasi zitakueleza zaidi kuliko fundi yeyote. Akifika hatua ya kuiwasha, petroli itoke kwenye jerikeni. Iliyo kwenye tanki imeshageuka gundi, na tanki lenyewe litataka kushushwa na kusafishwa, pengine kubadilishwa.

Ikikataa kabisa, ifunguliwe, na bado huo si mwisho wa dunia. Karakana za Shimanzi na Changamwe zinazohudumia injini za malori na za boti zinachonga silinda na kusaga krenki siku zote, na V8 ya zamani kwao si muujiza. Ila usinunue pistoni wala ringi kabla silinda hazijachongwa au kupimwa, kwa sababu saizi itategemea ni kiasi gani kimetolewa. Silinda hedi zikiwa nje, agiza siti ngumu za valvu za kutolea moshi. Injini hizi ziliundwa zama za petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa ikizikinga siti hizo, na risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Kompresheni yake pia ni ya juu, 10.5 kwa 1, kwa hiyo itie petroli ya oktani ya juu kabisa utakayoipata, na fundi airudishe taimingi nyuma kidogo ikianza kugonga unapopanda mlima.

Kuna kipande kimoja nataka kitazamwe kwa macho mawili. Tangu 1963 Cadillac walifunga mbele ya injini hii nyumba ya alumini inayobeba bomba (pampu) la maji na vitu vingine. Mombasa watu wana mazoea ya kuongeza maji ya kisima kwenye rejeta, na visima vyetu vingi vya kisiwani vina chumvi. Alumini ikikutana na maji hayo pamoja na chuma cha injini huliwa. Mfunguzi akitoa bomba la maji, aipige picha hiyo nyumba kwa ndani, karibu, kwa tochi. Ikiwa na vishimo virefu, hicho ndicho kipande cha kwanza cha kuagiza. Kuanzia hapo ni maji yaliyosafishwa na dawa ya rejeta tu, hata kama kisima kiko mlangoni.

Ushauri wa Toyota nauelewa ulikotoka: spea ziko kila duka na kila fundi anaijua. Kwa gari la kazi nisingebishana. Lakini kwenye Cadillac hii injini haikai peke yake. Ukiitoa, unahitaji mikono mipya ya kuishika, propela ya kukata na kuunganisha upya, mahali papya pa bomba la usukani na kompresa ya AC, na waya zote za dashibodi zinapoteza maana. Breki zake zinasaidiwa na mvuto wa injini, na hapo napo patachezewa. Logbuku nayo lazima ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, kwa sababu injini si ile. Ukishayalipia yote hayo utakuwa na gari ambalo hakuna mtu mwingine duniani mwenye mchoro wake wa waya. Siku fundi huyo akihamia Nairobi, umekwama. Na bei yake sokoni itakuwa imeshuka mno, maana anayenunua Cadillac ya 1966 ananunua hiyo V8. Kama block imepasuka kweli, tafuta 429 nyingine. Cadillac walizitumia kuanzia 1964 hadi 1967.

Giaboksi ndiyo imenishangaza zaidi katika maneno ya fundi wako. Ni Turbo-Hydramatic 400, mojawapo ya otomatiki zilizosambaa zaidi katika historia ya magari. Rolls-Royce Silver Shadow iliitumia, Jaguar XJ12 iliitumia, hata Humvee za kwanza za jeshi la Marekani. Vifurushi vyake vya sili na klachi vinauzwa mpaka leo. Tahadhari ni moja: za Cadillac za 1965 hadi 1967 zina konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) yenye mabawa yanayobadili pembe kwa umeme, kwa hiyo bomba la mbele na konveta havifanani na vya miaka ya baadaye. Mwambie muuzaji mwaka na aina kabla hujalipa, la sivyo utaletewa kisichoingia.

Kwenye suala la spea kutopatikana, ukweli ni huu: spea za mwendo zipo, tena nyingi. Breki, sili, bomba la petroli, mipira ya bodi na ya milango vyote vinatengenezwa upya Marekani. Shida iko kwenye vipande vya mapambo, vioo na vyuma vya kromu, ambavyo hutoka kwenye magari mengine yaliyochinjwa. Cadillac & LaSalle Club, iliyoanzishwa 1958, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu aliye mbali. Nyumbani, wenye magari ya zamani hukutana kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, mashindano yaliyoanza 1970, na huko utapata watu waliokwisha kulia kilio chako.

Lakini usiagize kitu kabla hujasoma bamba. Chini ya boneti, kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, pana bamba dogo lililopigwa herufi na tarakimu. Lisafishwe kwa kitambaa chenye mafuta, bila msasa. Mbele ya ST utaona mwaka na aina ya bodi. Ikiwa ni 66-68339, gari lako ni lile la milango minne lisilo na nguzo katikati. Ikiwa ni 66-68369, lina nguzo, na mipira ya vioo vyake ni mingine. TR ni viti, PNT ni rangi liliyotoka nayo kiwandani. Nimeshuhudia watu wakiagiza mipira ya madirisha kwa kusema tu "Cadillac 66 milango minne", ikafika, ikalipiwa ushuru, haikuingia.

Ushuru wenyewe usikushtukize bandarini. KRA, mamlaka ya kodi, huhesabu juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli, halafu VAT ya asilimia 16, ada ya IDF (tamko la kuingiza bidhaa) na tozo ya reli. Na kusafirisha bampa kwa ndege ni nauli kubwa. Vizito vikusanye kwa wakala mmoja kule Marekani, vije kwa meli katika kontena la kuchangia. Vidogo vya haraka, kama sili na vifaa vya kabureta, vije kwa ndege. Na usishawishike kununua gari zima Marekani ili ulichinje hapa. Kanuni ya KS 1515, ya magari yanayoingizwa Kenya, hairuhusu gari lililopita miaka minane, na la usukani kushoto halipiti.

Spana. Muulize fundi wako, kabla ya mambo mengine yote, kama ana seti ya inchi. Bolti za gari hili ni za 7/16, 1/2, 9/16 na kuendelea. Spana ya 13 inaonekana kuitosha 1/2, lakini 1/2 ni milimita 12.7, na kwenye bolti yenye kutu huo upenyo mdogo unatosha kukifanya kichwa chake kiwe duara. Tundu la bolti ya 3/8 nalo likilazimishwa bolti ya M10, nyuzi zimekwenda. Kama hana seti, inunue wewe huko Maskati uje nayo. Mkoba mmoja tu huo utakuokolea hasara nyingi.

Breki ndizo za kwanza kutengenezwa baada ya chesi, hata kabla gari halijawaka. Ni dramu magurudumu yote manne, ila bahati nzuri Cadillac walikuwa na masta silinda yenye njia mbili tangu 1962, kwa hiyo upande mmoja ukivuja mwingine unabaki. Mipira yote ibadilishwe. Paipu za chuma zitolewe, ziwekwe za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo chumvi haiziwezi. Breki shuu si lazima ziagizwe, maana mafundi wanaovalisha lainingi za malori watakuvalishia za zamani. Wakumbushe tu kwamba lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto: vumbi lisipulizwe kwa kompresa, liloweshwe na kufutwa.

Kwa rangi na bodi nina ugomvi na mazoea yetu ya Pwani. Kuna watu watakaotaka kulipua kutu kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa bure. Mchanga huo una chumvi, unaipigilia ndani ya chuma, na kutu itarudi chini ya rangi mpya kabla hujamaliza kulipa. Bati lisafishwe kwa msasa na brashi ya waya, kipande kwa kipande, na kila kipande kilichofunguliwa asubuhi kipakwe praima ya epoksi siku hiyohiyo. Kwa unyevu wa Mombasa, bati tupu likilala usiku mmoja linaamka na rangi ya chai. Kazi kubwa ya nje ipangwe wakati wa kaskazi, si katikati ya masika. Ndani ya mihimili ya chesi inyunyizwe nta. Wazee walikuwa wakipaka oili chafu chini ya gari. Inazuia kutu kidogo, lakini inalainisha mipira yote uliyoilipia ushuru. Bampa ziache mwisho, na akija mtu kukushauri uzipake rangi ya fedha, mshukuru umpe chai aende.

Joto. Fundi wetu akiona injini inachemka jambo la kwanza ni kutupa themostati. Asiitupe. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake na huchakaa, na tatizo halisi, ambalo kwa kawaida ni rejeta iliyoziba, linabaki palepale likusubiri kwenye foleni ya feri ya Likoni. Rejeta ifunguliwe na kutiwa kiini kipya. AC ya gari hilo iliundwa kwa gesi ya R12, ambayo Mkataba wa Montreal uliipiga marufuku. Ibadilishwe kuwa R134a, lakini mafuta ya zamani yaoshwe yote na mipira ibadilishwe, si kujaza gesi juu tu. (Mwaka huohuo wa 1966 Cadillac walianza kuuza viti vinavyopashwa joto kwa umeme. Kama baba alivilipia, alikuwa mtu wa utani.)

Taa zake nne zimesimama mbili mbili, inchi 5¾ kila moja, na za kiwandani zikishushwa humulika upande wa kulia, kwa barabara za Marekani. Hapa utampofusha anayekuja. Taa za kipimo hicho zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto zipo, maana magari kadhaa ya Kiingereza yalizitumia. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kabla hujatoa pesa, kuna karatasi. Umesema baba "alituachia", kwa hiyo gari ni mirathi. Kama ninyi ni Waislamu na mmekubaliana kwenda huko, Mahakama ya Kadhi ndiyo mahali pake. Gawaneni kwanza, au ndugu zako waandike kwamba gari ni fungu lako, kisha logbuku ihamishiwe jina lako NTSA, na namba ya chesi ilinganishwe na iliyoandikwa. Gari likishang'aa ndipo kila mtu hukumbuka kwamba naye ni mrithi.

Nusu ya pesa mbele ni mtego hata kwa fundi mwaminifu, kwa sababu Cadillac iliyofunguliwa ikatawanywa haina thamani wala haina njia ya kurudi nyumbani. Mpe kazi ya kwanza peke yake: kuinua gari, kugonga chesi, kupitisha sumaku, kulegeza injini, kuandika namba nane za kompresheni. Hiyo ni ajira ya siku chache, na mlipe vizuri ikikamilika, pamoja na picha. Hatua inayofuata ikubaliwe baada ya kuona matokeo, spea ununue wewe, ufundi ulipe kwa kila hatua. Kila kinachofunguliwa kiingie mfukoni na karatasi iliyoandikwa kilikotoka, bolti zake zikiwa humohumo, na kibaki nyumbani kwenu, si gereji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo alishike mtu asiye na undugu na fundi.

Mpelekee masharti haya. Akiyakubali, unaweza kuwa umepata fundi mzuri ambaye hakuwahi tu kupewa gari la namna hii. Akisisitiza Toyota na nusu yake, mlipe muda aliopoteza kuja kulitazama, mwagane kwa wema, banda lifungwe mpaka utakaporudi.